Posa Iliyoishia kwenye Pua

Nina hasira na baba mdogo wa yule kijana wa Biharamulo, na sina mpango wa kupoa. Alikuja kwetu Nyamiaga kuposa, kavaa koti na tai kwenye jua lile, akakaa kwenye kiti tulichoazima parokiani, halafu akawa anaitazama pua ya mama wa binti. Binti mwenyewe hata hakumwulizia. Muda wote pua!

Mama huyo ni mdogo wangu. Hatukuzaliwa tumbo moja. Mwaka ule wa mauaji ya Rwanda, watu walipovuka mpaka kuja Ngara mpaka barabara ikajaa, mama yangu alimkuta migombani kwetu, mtoto wa miaka kama minane, peke yake. Akampa uji. Mimi nikataka kujua kwao ni watu gani. Mama akanifinya. "Mwenye njaa haulizwi kabila," akasema, na nyumbani mwetu hakuna aliyeuliza tena. Wenzake waliporudishwa kwao, mama alikataa katakata kumtoa. Amekulia hapa, kazaa hapa, analima hapa, anaimba kwaya.

Majirani ndio hawakuchoka. Hodari wa kupima watu kwa macho! Ni mrefu, basi Mtutsi. Kashika jembe vizuri, aah, basi Mhutu. Akinywa maziwa wanabadilisha tena. Mjerumani aliyejenga boma pale Biharamulo alitawala na kule ng'ambo, Rwanda; Mbelgiji aliyemfuata kule akawapima watu pua, akawaandikia kabila kwenye vitambulisho. Wote walishakwenda zao, lakini watu wetu bado wanawafanyia ile kazi ya kupima pua, tena bure.

Sasa posa. Kwetu mgeni hagusi mtungi wa pombe ya ndizi mpaka mwenyeji ameionja mbele yake, aone haina sumu. Mdogo wangu ndiye aliyeitengeneza. Akainama, akavuta kwa mrija, akamkaribisha mzee. Yule bwana akauchukua mrija, akaufuta kwa leso. Akaufuta tena. Kisha akauweka kando bila kunywa.

"Mama," akasema, "binti ni mzuri, hatukatai. Ila lazima tujue tunaoa damu gani. Kule mlikuwa Wahutu au Watutsi? Mlikuwa waliouawa au waliowaua?"

Ebo! Mshenga wao akainamia viatu vyake. Mimi nikatupa jicho mlangoni, maana nilijua binti yuko ndani nyuma ya pazia, anasikia yote, na yule kijana anampenda vibaya sana.

Mdogo wangu hakupandisha sauti. "Baba, swali hilo nilisikia mama yangu akiulizwa kwenye kizuizi barabarani. Waliouliza walikuwa wamekaa kwenye viti, wanakunywa. Mama akawajibu. Kuanzia hapo nilitembea peke yangu."

Mzee akarekebisha tai. "Kuuliza si ujinga, mama."

Si ujinga kweli. Ujinga una nafuu, mtu anapelekwa shule. Huyu shule kaimaliza. Nikaubeba mtungi mbele yake, nikaurudisha ndani, na kwetu mtungi ukirudi ndani mgeni anajua njia ya kwao. Waliondoka wakinung'unika kwamba tumewavunjia heshima. Nyani haoni kundule!

Usiku ule binti hakula. Kesho yake kijana akapiga simu, analia. Binti akaweka spika ili na sisi tusikie.

"Wazee wana mambo yao ya kizamani," akasema. "Mimi nakupenda wewe. Nitawaleta tena, wataomba radhi. Kabila la mama yako sijali hata kidogo."

Moyo wangu ukatulia. Nikamwona mdogo wangu anajifuta macho kwa ncha ya kitenge, anaanza kutabasamu. Nami nikasema kimoyomoyo, kumbe ukoo ule una mtu.

Kisha yule kijana akashusha sauti. "Ila niambie mimi tu, sitamwambia mtu. Ni Mhutu au Mtutsi?"

Binti akakata simu. Akauleta ule mtungi, akauweka katikati yetu. Akaonja yeye kwanza, akampa mama yake mrija ule ule.