Moshi wa Eedo Dahabo

Enzi zetu, msichana wa Garissa alinukia moshi. Si moshi wa kuchemshia chai, la. Ni moshi wa dhiil, vile vyombo vya kusukwa vilivyotunza maziwa ya ngamia. Unachoma vipande vya mti, unatumbukiza vijinga vyenye moto ndani ya chombo, unafunika, unatikisa, kisha unasugua. Maziwa yakiwekwa humo hayachachi upesi, na yanapata ladha ambayo vijana wa siku hizi, waliolelewa na maziwa ya pakiti, hawaijui. Majuzi nilimwonjesha binti wa kaka yangu. "Eedo, hii maziwa imeungua," akasema, macho hayajatoka kwenye simu.

Aliyetufundisha kazi hiyo ni Eedo Dahabo. Hakuwa shangazi yangu wa damu, ila mtaa mzima tulimwita eedo, yaani shangazi. Aliuza maziwa sokoni, yaliyoletwa na gari la asubuhi kutoka Bura, na alasiri banda lake lilijaa wasichana. Tukitoka shule tulipitia kwake kufukiza vyombo. Baba zetu waliafiki kabisa. Msichana anayejua kufukiza dhiil alikuwa mke tayari, na shule kwao ilikuwa mahali pa kumwekea mtoto akingoja mume.

Wasichokijua ni kwamba Eedo alishavifukiza vyombo vyote kabla hatujafika. Alitusukumia nyuma ya pazia la magunia, kwenye mkeka.

"Naa, someni!" alifoka. "Vyombo havifanyi mtihani."

Basi tukabishana hesabu na kuandika insha, vinywa vimejaa anjera baridi aliyotupakia samli na sukari. Yeye hakujua kusoma, lakini ole wako akuone unasinzia. Jua likianza kushuka, alikusanya mitandio yetu na kuipitisha juu ya moshi, mmoja baada ya mwingine. Tulirudi nyumbani tunanuka kazi. Baba alinusa, akaridhika, na mwaka mwingine wa shule ukapita. Mama naye alitazama mikono yangu isiyo na hata chembe ya masizi, akanyamaza.

Rafiki yangu Sahara hakubahatika. Baba yake, Haji Abdi, alipita sokoni siku moja, akafunua pazia na kumkuta binti yake ameinamia kitabu. Alimwita Eedo mwizi wa mabinti mbele ya soko zima. Alivipiga teke vyombo, maziwa yakamwagika mchangani, akamburura Sahara kwa mkono. Mvua zilipoanza, Sahara alikuwa ameshaolewa. Tulilia sana. Eedo hakulia mbele yetu. Alitundika pazia zito zaidi.

Sasa Eedo amefariki. Simu ilinikuta Wajir, ninakofanya kazi ya uuguzi, na nilipofika Garissa alishazikwa, kama dini inavyotaka. Nikaingia kwa wanawake kutoa pole. Nje, chini ya turubai la wanaume, kipaza sauti kilikuwa kimeshikwa na mzee mwenye ndevu za hina. Nilimtambua kwa sauti. Haji Abdi!

"Marehemu alikuwa mama wa elimu," alisema. "Wallahi, mabinti wetu wauguzi na walimu, wote ni kazi yake."

Wanaume wakaitikia, Allah amrehemu. Nilisimama, nikitaka kutoka nimwulize mbele ya watu wote ni nani aliyemwaga maziwa ya mama wa elimu. Mama akanishika nguo.

"Hooyo, mwanangu, kaa chini. Hapa ni msibani."

Nikakaa, kwa hasira ambayo mpaka leo haijaniisha.

Chai ililetwa na Hibo, kitinda mimba wa Sahara. Ilikuwa siku ya shule, na mtoto hajamaliza hata darasa la nane. Nikamuuliza kwa nini yuko nyumbani. Alilitazama birika.

"Awoowe amesema imetosha," akajibu. Awoowe ni babu, na babu yake ndiye yule aliyekuwa akihutubia nje.

Hawa watoto wana kila kitu tulichokikosa. Wana taa za sola, vitabu vya bure na shule za bweni zenye magorofa. Sisi tulikuwa na gunia na mwanamke mmoja mwenye mdomo mkali. Nilipita sokoni asubuhi ile, maziwa yamo kwenye madumu ya plastiki, na lilipokuwa banda la Eedo pana duka la simu, mlango wa kioo, kila kitu kinaonekana. Hapana pa kumficha mtoto.

Nikamvuta Hibo kifuani. Nje waliendelea kumsifu Eedo. Mtandio wa mtoto haukuwa na moshi wa dhiil hata kidogo. Ulinukia udi, ule wanaomfukizia bibi harusi.