Chuchu za Nguva

Ulikuwa mwaka wangu wa pili nikifundisha sayansi kijijini Bweni, nikikaa kwa mama mkwe. Asubuhi moja nilitia mkono sandukuni nitoe baibui, nikagusa kitu cha moto, chororo. Panya alikuwa amezaa juu ya gauni langu la Idi. Watoto wanane, wekundu, macho yamezibwa na ngozi, wamemganda tumboni wanafyonza. Hakukimbia. Alinitazama tu, mkojo wake umelowesha kitambaa.

Nilipiga ukelele. Mama mkwe akaja na ndoo ya maji.

"Toka mwanangu, kama huna moyo wa kuangalia."

Nilitoka. Harufu ile nilikwenda nayo shuleni.

Somo la darasa la sita siku hiyo lilikuwa wanyama wanaonyonyesha. Sijashika hata chaki, mwalimu mkuu akaniita. Nguva ametupwa pwani, alinaswa kwenye nyavu za wavuvi wa dago, wale wanaopiga kambi ufukweni, akafa kwa kukosa pumzi.

"Wapeleke wakamwone. Mimi na mvi zangu hizi sijamwona hata mmoja."

Tulimnusa kabla ya kumwona. Alikuwa na siku tatu juani, tumbo limevimba, ngozi inabanduka, funza wamejaa machoni. Nikajiziba pua kwa mtandio, nikafundisha. Niliwaonyesha chuchu zake mbili, moja nyuma ya kila pezi, kwapani. Nikasema huyu huzaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka asizae tena. Panya huzaa wanane, na miezi miwili haipiti ana wengine. Huyu hula majani ya baharini, yule hula hata sabuni. Lakini wote wana damu ya moto, wote wana nywele, wote hunyonyesha.

Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo huyu na panya ni ndugu?"

"Kwa mbali," nikajibu.

Hapo wakatokea wanaume wawili na visu na dumu. Walitaka mafuta.

"Kaka zangu, ameoza huyu. Na sheria inakataza."

"Kwani tumemuua sisi, mwalimu? Mafuta hayaozi."

Kisu kilipoingia, tumbo lilipasuka kwa kishindo. Maji ya kijani yakanirukia mpaka kifuani. Wao wakaendelea kukata, wakicheka, na chuchu moja ikatupwa mchangani pamoja na kipande cha ngozi. Nikatapika mbele ya darasa zima.

Kesho yake mwenyekiti wa kijiji aliamuru mzoga uzikwe, lakini mafuta yalikuwa yameshagawanywa. Wiki haijaisha, kijana wa jirani akaniletea kichupa cha mafuta hayo.

"Shikamoo mwalimu. Jipake mgongoni, huondoa maumivu, utanishukuru."

"Marahaba, mwanangu. Ahsante," nikasema, nikakipokea kwa mikono miwili.

Alipotoka nikakitupa chooni, nikanawa mara tatu.