Mtambo Uliosimama

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilisikia mashine ya kusaga mahindi ikishusha sauti kabla sijaona taa ikififia. Ilikuwa Old Town, Lilongwe, nilikokuwa nikibeba magunia. Ikanguruma kwa uzito, kama mtu anayepanda mlima, kisha ikanyamaza.

"Kule mto Shire mtambo moja ya umeme umesimama," alisema Papa Eliya. Huyo alikuwa mzee wetu wa Uvira. Nyumbani alichunga mitambo ya umeme kwenye mto Ruzizi. "Ile ingine inabeba mzigo yake, inachoka. Njo maana bamekata huku, isianguke yote."

Nilikuwa mgeni Dzaleka, kambi ya wakimbizi nje ya mji. Mke wangu tulimzika njiani, tukikimbia kutoka kwetu Fizi. Sikuzungumza na mtu. Nilikuwa nimekwisha kufunga nguo zangu, niende nikaishi mahali ambapo hakuna anayejua Kiswahili. Papa Eliya aliliona furushi langu pale kando ya magunia.

"We iko unakula nsima, ugali ya huku, umegeukia ukuta kama mwizi. Sasa unakimbia?"

"Mi nimezoea kuwa peke yangu, Papa."

Hakucheka. Aliketi juu ya gunia.

"Mtambo wenye kusimama haurudishwe kwa haraka. Unaufungulia maji kidogo, unazunguka peke yake, bila mzigo. We unangoja, unaangalia, mpaka mwendo yake ilingane na ya mingine. Hapo njo unaunga. Ukiharakisha, unavunjika. Lakini usipourudisha, maji inapita bure, na kuko nyumba fulani iko giza."

Mashine ikaguna, ikaanza tena. Wanawake wenye ndoo zao wakapiga vigelegele.

Jumapili nilikaa kanisani nyuma ya kwaya, sikuimba. Jumapili iliyofuata niliguna kwa sauti ya chini. Lile furushi sikumbuki nililifungua lini.

Mwanangu, nawe umefiwa. Sikwambii ucheke leo, wala sisemi upweke utaisha. Wangu ningali nao. Nakwambia usijikate. Kaa karibu na watu, nyamaza ukitaka, sikiliza mwendo wao mpaka wako ulingane nao.

Mungu akufungulie maji polepole. Akupe watu wa kukubebea mzigo siku utakayozimika.

Haya, nenda kanisani, kwaya wameshaanza kuimba. Mimi nitabaki hapa kidogo, nikisikiliza mlango ukifungwa nyuma yako.