Daraja Lililongoja Mbalamwezi

Asubuhi ile mimi na mdogo wangu Riziki tulikuwa tukianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchangani, nje kidogo ya mji wa Baraka. Mimba yake ilikuwa imetimiza miezi, na kila alipoinama nilimgombeza. Yeye alinicheka tu, akisema mtoto wake anataka kuzaliwa akinuka samaki. Ndipo milio ya bunduki ikasikika kutoka milimani.

Tulikimbilia mjini. Njiani uchungu ukamshika.

Wapiganaji walikuwa wamevunja daraja la mto unaotutenga na mji.

Mto ulikuwa umejaa.

Riziki alifia ukingoni, mtoto akiwa bado tumboni. Mpaka leo hasira hunipanda nikikumbuka kwamba paa la hospitali lilikuwa likionekana ng'ambo.

Miaka ikapita, bunduki zikanyamaza upande wetu, wageni wakaja na habari ya daraja jipya. Fedha zilitoka Ulaya, waashi walitoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda, Warundi waliokimbia matata ya kwao. Sisi wenyeji tulitakiwa kutoa mawe na mikono. Mhandisi, mama mmoja Mzungu mwenye haraka, akatangaza siku ya kuanza, nasi tukapiga makofi. Kila mtu pale alijua kwamba siku hiyo mwezi haupo, wanaume wetu wavuvi wanakesha ziwani wakivua ndagala wanaofuata mwanga wa taa zao, na mchana wanalala kama magogo. Hakuna aliyefungua mdomo. Sisi ndivyo tulivyo.

Siku ikafika, tukaja wanawake wachache. Kesho yake vilevile. Mhandisi akaanza kusema kwamba vifaa vitapelekwa kwingine, kwa watu wanaotaka daraja. Nilihisi Riziki anakufa mara ya pili. Nestori, fundi Mrundi aliyekuwa mkalimani wake, akanijia.

"Mama, injinia anauliza, banaume ba hapa balikataa kazi?"

"Hapana! Beko banalala. Usiku banaloba ndagala. Mungoje mwezi ijae, kazi ya taa itasimama, mutabaona bote hapa."

"Sasa juu ya nini mulisema ndiyo?"

"Ye ni mugeni, baba. Tungemukatalia mu macho?"

Nestori alicheka mpaka akashika kiuno. "Na kwetu Burundi ni vile vile, mama."

Akamweleza mhandisi. Yule mama naye akacheka, akabadilisha tarehe. Mwezi ulipojaa wanaume walifurika mtoni, wakabeba mawe huku wakitaniana na Warundi kuhusu nani anajua kupika ugali.

Daraja lilipokamilika, wa kwanza kuvuka akiwa na uchungu wa uzazi alikuwa mke wa Nestori, juu ya pikipiki, mimi nyuma nikimshikilia. Tulipofika mtoni nilifumba macho kwa woga. Nilipoyafumbua tulikuwa tumeshapita.

Alijifungua salama. Nilikaa mlangoni pa hospitali nikalia, kwa furaha na kwa uchungu, maana daraja lenyewe ni fupi mno. Riziki wangu alikosa hatua hizo tu.