Neno Kwenye Boksi la Pistoni

Nilimvunjia heshima mzee wa watu kwa neno moja la Kiingereza, na neno lenyewe sikulijua.

Naitwa Masalu, nipo Bariadi mjini. Nauza pembejeo: mbegu za pamba, dawa za wadudu, mabomba ya kupulizia. Kila siku nawahubiria wakulima wajihadhari na feki. Kwa hiyo mimi na feki, nilijiona profesa kabisa.

Nina Altezza. Kosa la gari ni langu, niliikanyaga miezi na miezi bila kubadilisha oili mpaka ikaanza kutoa moshi wa bluu.

Jamaa yangu Constantine, mwenye Subaru, akapata cha kuongea.

"Kaka, siku hizi unapulizia pamba barabarani?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, ila roho iliuma. Nikaapa: injini inafumuliwa, inafungwa upya, na siku moja kwenye lami ya Lamadi Constantine ataziona taa zangu za nyuma tu.

Tatizo mfuko. Nilitaka injini ya mashindano kwa hela ya kuungaunga.

Nikaenda kwa fundi Magese. Mzee wa Nkololo huyu, ujana wake wote aliumalizia kwenye injini za kiwanda cha kuchambua pamba kule Maswa. Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Spea anaishika mkononi, anaipima uzito, anaigonga kwa ukucha, anasikiliza. Basi.

Nikampa orodha yangu niliyoitoa mtandaoni. Ekzosi kubwa. Filta ya wazi. Taa za rangi kwenye dashibodi.

Akaomba nimsomee. Nilipomaliza akacheka mpaka akakohoa.

"Baba, hiyo olodha ni ya halusi. Ndani ya injini umeandika nini?"

Nilikuwa sijaandika kitu.

"Futa yote. Lingi mpya, metali mpya, gasketi mpya, pampu ya oili mpya. Hapo usibane hela. Kelele utanunua siku nyingine. Pistoni niachie mimi, kuna mtu Mwanza anavunja magali, tunaheshimiana."

Nikakubali. Bei aliyonitajia ilikuwa ya pistoni za kawaida kabisa.

Sasa, Magese ana utaratibu wake. Hafungi injini mpaka mwenye gari aje aone kila spea mezani, na maboksi yake anakukabidhi. Anasema mteja asilale na wasiwasi.

Utaratibu huo huo ndio uliomponza.

Siku ya kuangalia nilifika asubuhi na Constantine. Spea zimepangwa juu ya meza, safi, zinang'aa. Pistoni nne zimekaa pembeni ya boksi lao.

Nikaliinua boksi. Limeandikwa FORGED.

Nikatoa simu, nikaliandika lile neno kwenye kamusi.

Simu ikajibu: ya kughushi.

Damu ikanipanda. Kughushi! Yaani feki, na wameandika kabisa juu ya boksi!

"Mzee, umeniletea pistoni za kughushi?"

Magese akanitazama kama hajanisikia. "Nani kasema?"

"Boksi limesema! Au kwa kuwa hujui kusoma unadhani wote hatujui?"

Hiyo sentensi naisikia mpaka leo nikiwa nakula.

Wateja wake wawili wakasogea. Mama Jenipha wa chapati pale jirani akaacha jiko. Constantine akaanza kurekodi. Mimi nilipoona kamera nikapandwa na kichaa, nikachukua nyundo.

"Nawaonyesha feki inavyovunjika!"

Nikaigonga pistoni moja. Ikabonyea ukingoni, haikupasuka. Nikagonga tena kwa nguvu zangu zote. Nyundo ikanirudi mpaka kiganja kikafa ganzi.

Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikasema, "Mnaona? Laini kama bati!"

 Magese aliichukua ile pistoni, akaifuta kwa kitambaa, akaipima uzito mkononi. Kisha akaiweka chini polepole.

"Beba gali yako, baba," akasema.

Nikaivuta kwa kamba, injini vipande vipande kwenye buti. Video ikaingia kwenye grupu letu la magari, mimi mwenyewe nikaiandikia kichwa: FUNDI TAPELI BARIADI. Kufika jioni ilikuwa Maswa.

Wiki ya pili nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa Fredrick, jamaa wa Mwanza anayeandaa magari ya rali.

"Kaka, hizo pistoni ulizokuwa unagonga ziko wapi? Niuzie mimi, hata hiyo iliyobonyea nitaiweka ofisini kama pambo. Unajua bei yake mpya wewe?"

Nikamjibu kwa kiburi kwamba ni za kughushi, tena kwa bei ya pistoni za kawaida.

Akanipigia hapo hapo, anacheka mpaka anakosa pumzi.

"Forged ni chuma cha kufuliwa, kaka! Kufua, kama mhunzi anavyofua jembe! Ni neno moja lina maana mbili. Hizo ni pistoni za mashindano, ndiyo maana ilibonyea bila kupasuka. Nani alikupatia kwa bei hiyo?"

Nilikaa juu ya gunia la mbegu. Mteja aliingia akaulizia dawa, nikampa mbegu.

Nikaenda gereji. Imefungwa. Mama Jenipha aliniangalia kwa jicho moja tu, akaendelea kugeuza chapati zake.

"Kaludi kwao," akasema.

Nkololo nilimkuta anachambua mahindi na mkewe, mama Lukresia. Nilisalimia, "Mwangaluka," wakaitikia vizuri kabisa, nikaletewa kigoda. Ule ukarimu uliniumiza kuliko tusi.

Nikaeleza yote. Nililia, sifichi.

Magese alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo zilikuwa nzima?"

"Zilikuwa bora kuliko nilivyostahili, mzee."

Akatazama viganja vyake.

"Mimi nilikuamini wewe. Nikasema huyu amesoma, kaona kwenye simu. Mimi nimezishika nikaona ni chuma kizuli, kumbe mikono imezeeka, sasa nitawaumiza watu. Spana zangu zote nimegawa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Sikumharibia jina peke yake, nilimfanya aache kujiamini. Miaka arobaini ya kazi, nimeifuta kwa kamusi ya simu.

"Mwambie na huyu," akasema, akimwonyesha mkewe. "Mimi nilimwambia nimetapeliwa uzeeni na yule mtu wa Mwanza."

Nikamrudia mama Lukresia maneno yote, moja baada ya jingine. Alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Wabeja, asante kwa kuja," akasema. "Hapa tumesikia watu wawili. Ile video imetazamwa na wangapi?"



Ndiyo maana naandika, kwa jina langu, kwenye grupu lile lile. Fundi Magese wa Nkololo hakunitapeli. Tapeli wa jina lake ni mimi. Aliyepewa spana za mzee azirudishe, nitamnunulia nyingine mwenyewe.

Na wewe unayesoma: kabla hujamwita mtu mwongo kwa sababu ya neno, hakikisha neno lenyewe unalijua.