Kiti cha Nipo Njiani

Fundi cherehani alipiga gitaa pamoja na kaka wa mkewe, ambaye watu walimbandika jina la Nipo Njiani. Ungempigia simu arusi ikiwa imekwisha anza, angekujibu, "Nipo njiani, shemeji," na nyuma yake ungesikia maji ya kuoga yakimiminika kwenye ndoo. Mtu yule hata mazishi yake mwenyewe angeyachelewa. Kila Jumamosi bendi yao ilipiga nyimbo za zamani, na kila Jumamosi Fundi alisimama mlangoni mwa ukumbi akikodolea macho barabara.

Mwezi uliopita uvumilivu ukamwisha. "Usije tena," alimwambia, akamchukua mwalimu wa hesabu, mtu anayefika kabla ya viti.

Leo Mwalimu hakukosea hata mara moja. Gitaa la Fundi lilipouliza, la Mwalimu lilijibu papo hapo, kama kwenye santuri. Nipo Njiani alikuwa akichelewesha hata jibu, kidogo tu, mpaka wachezaji wakabaki na mguu hewani wakilisubiri, wakicheka. Leo hakuna mguu uliosubiri chochote.

Wakati wa mapumziko Fundi alitoka uani, akapiga namba aliyoijua kwa kichwa.

"Uko wapi?"

Upande wa pili ilisikika ndoo ikiwekwa chini. Kisha maji yakaanza kumiminika.

"Nipo njiani, shemeji."

Fundi alirudi ndani, akasogeza kiti cha Mwalimu pembeni, akaweka kingine katikati.