Gari Lililotetemeka Makobola

Kaka yangu mkubwa ana gari, na kwa miaka mitatu gari hilo lilitetemeka mahali pamoja tu: Makobola. Naanza hapo kabla mtu hajaniambia kwamba barabara yetu yote inatetemesha magari. Najua. Kurushwa na mashimo ni jambo jingine, hata mgongo wangu unalijua. Hili lilikuwa la usukani. Tulikuwa tukitoka Baraka na magunia ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, tunapita Nundu, tunapita Swima, usukani umetulia mikononi mwake. Tukianza kuteremka kuingia Makobola, unaanza kucheza kushoto na kulia, upesi upesi, mpaka mabega yake yanatikisika. Akipunguza mwendo, unaacha.

Mama yetu aliuawa Makobola, mwaka ule wa vita ambao watu wa huku hawahitaji kutajiwa. Alikuwa amekwenda kumtazama dada yake aliyejifungua. Mimi nilikuwa na miaka sita na kaka kumi na mitatu. Baba alituvusha ziwa siku hiyohiyo habari zilipotufikia, tukakaa kambini ng'ambo miaka mingi, naye akafia huko. Tuliporudi tulionyeshwa mahali walipozikwa wote pamoja. Hatukuwa tumeuona mwili. Hatukuwa tumetupa udongo wala kukaa kilio, kwa sababu watu wanaokimbia hawakai kilio, na baadaye tuliona haya kuanza kulia kwa kuchelewa hivyo.

Kwa hiyo unaweza kuelewa kaka alifikiri nini usukani ulipomtikisa kwa mara ya kwanza. Alisimamisha gari, akazima mota, akashusha kioo. Nilikuwa nimeketi pembeni yake nikielekea Uvira kwa mkutano wa walimu.

"Mama," alisema. "Ni siye. Tunapita."

Tangu siku hiyo hakupita Makobola bila kusimama. Na abiria hawakulalamika, hilo ndilo lililonishangaza. Watu wetu hulalamikia kila kitu garini, kuanzia bei hadi harufu ya samaki wa mwenzao, lakini pale walinyamaza. Magari mengine hayakutetemeka, na kwao huo ndio ulikuwa ushahidi: wale madereva wengine hawana mtu pale. Wazee walivua kofia. Wengine walianza kusalimia watu wao, kila mmoja jina lake, kwa sauti ya chini. Mchungaji mmoja tu alikemea pepo siku moja, mkono juu, na akina mama wa nyuma wakamwambia ateremke akemee akiwa anatembea kwa miguu.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Kazi yangu ni kusahihisha, na nyumbani wananitania kwamba nitasahihisha hata mahubiri ya maziko yangu. Lakini hili sikulisahihisha. Nilikuwa nikiweka kiganja juu ya dashibodi tukifika pale, nikihisi mtetemo unapanda hadi kwenye kiwiko, na nilikuwa nikifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Sura ya mama siikumbuki, ila mikono yake ninaikumbuka kidogo, na pale ilikuwa kama nimeshikwa.

Kisha mtetemo ukaanza kusogea.

Mwanzoni mwa kiangazi ulikuja kabla ya Makobola, kwenye tambarare. Baada ya wiki chache ukaja Swima. Kaka alirudi safari hiyo uso wake ukiwa umefunguka kama wa mtu aliyepata mtoto. Alinikuta uani ninasahihisha madaftari, akachuchumaa mbele yangu.

"Dada, anakuja," alisema. "Ametoka pale. Leo alinishika Swima."

"Nani?"

"We unajua nani. Anarudia kwake."

Nilipaswa kumcheka. Nilimuuliza tu kama amekula. Mwezi uliofuata ilikuwa Nundu, na kaka akakipaka chokaa chumba cha nyuma, kile tulichokuwa tunawekea mahindi. Hakusema ni cha nani. Mke wake alinitazama, nikatazama pembeni.

Ujumbe wa shangazi ulifika wakati chokaa bado haijakauka. Shangazi, dada mdogo wa baba, alichukuliwa kutoka kambini kwenda kuishi nchi ya baridi, na huko ana gari la aina ileile ya kaka, ila lake analiendea dukani. La kaka lilikuwa limetumika kwingine kabla ya kuja kwetu. Lilishuka bandarini, likafika Kigoma, likavuka ziwa juu ya boti kubwa, usukani ukiwa upande wa kulia, upande usio wetu. Shangazi alinitumia picha ya barua na sauti yake akiifafanua, maana barua ilikuwa ya Kiingereza.

"Mutoto yangu," alisema, "wenye kutengeneza gari bametuma barua. Banasema gari zote za namna hii zirudishwe. Kuko chuma kule chini, kwa gurudumu la mbele, kinalikaka mbio, kinaisha. Banasema dereva atasikia usukani inatetemeka. Kisha kile chuma kinavunjika, na gari haimusikie tena. Si hii ndiyo namna ya gari ya kaka yako? Banatengeneza bure, apeleke tu kwa muuzaji mwenye kuwa karibu."

Muuzaji aliye karibu! Karibu na nani? Nilikasirika, nikamkasirikia mtu nisiyemjua aliyekaa mezani akaandika neno hilo, akaituma barua kwa kila mwenye gari anayejulikana anakaa wapi, na asijue kwamba mengine yako huku, yamejaa samaki na mafuta ya mawese na watu kumi na wanne. Kisha nikasikiliza tena. Usukani inatetemeka. Nilisikiliza mara nne.

Barua ilikuwa na namba za kutambulisha magari, kutoka ile hadi ile. Kaka alipokuwa anakula, nilitoka nikafungua kifuniko cha mota, nikafuta vumbi kwa upindo wa kitenge changu, nikasoma namba iliyochongwa kwenye chuma. Ilikuwa ndani ya zile za barua. Nilisoma tarakimu moja moja kwa kidole kama mtoto wa mwaka wa kwanza, nikiomba moja ikatae.

Kesho yake alikuwa apakie watu wa kwenda Uvira sokoni. Nilimwambia palepale, kabla hajanawa mikono. Nilimsikilizisha sauti ya shangazi hadi mwisho. Alicheka kwanza.

"Hiyo barua ni ya bale ba kule. Barabara yao haiko yetu."

"Yaya," nikamwita, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "unasikia alisema usukani inatetemeka?"

Akaacha kucheka. Alinitazama muda mrefu, na sitaki kutazamwa hivyo tena na mtu ninayempenda.

"Sasa unasema mama ni chuma."

"Ninasema gari itakuua."

"Mama haezi kuniua."

"Na bale batu ba nyuma?" nikamuuliza. Nilikuwa ninapiga kelele sasa. Majirani wawili walisimama kwenye ua wa miti. "Ni batoto bake bale? Atabashika nao?"

Aliingia ndani akafunga mlango. Lakini asubuhi hakupakia. Aliliendesha gari polepole hadi kwa fundi wetu wa Baraka, mzee mwenye ndevu nyeupe aliyeanza kazi na malori ya kiwanda cha zamani cha pamba. Nilikwenda naye. Sikumwamini kwenda peke yake.

Fundi aliinua upande wa mbele kwa jeki. Hakuuliza mengi. Alishika gurudumu kwa mikono miwili, juu na chini, akalisukuma na kulivuta, nalo likacheza. Tak, tak, tak. Mota ilikuwa imezimwa. Tulikuwa Baraka, mchana, mbele ya kibanda chenye matairi ya zamani. Na mtetemo ulikuwa uleule. Niliujua mkononi bila kuugusa, na nilipomtazama kaka nikaona na yeye ameujua.

"Rotili imekwisha," fundi alisema. Alikuwa ameshafungua, akatuonyesha kile kiungo cha chuma chenye kichwa cha mviringo, kimelika upande mmoja kama sabuni. "Ilianza zamani. Mwanzo ingetetemeka tu penye barabara nzuri, penye unaenda mbio. Kisha inalikaka, inatetemeka hata polepole. Hii haingefika Uvira, papa. Mungu anakupenda."

Barabara nzuri. Mteremko wa kuingia Makobola ndicho kipande pekee cha njia ile ambako kaka alikuwa akikaza mwendo.

Alikishika kile chuma, akakigeuza. Kisha akamwuliza fundi jambo ambalo sijamwambia mtu mpaka leo.

"Haiezi kubakia?" alisema. "Kidogo tu. Nitaenda polepole."

Fundi alicheka, akidhani ni mzaha wa bei. Mimi nilikwenda nikasimama nyuma ya kibanda mpaka macho yangu yalipokauka.

Rotili mpya zilitafutwa Uvira, zikachukua siku kumi na moja kufika. Safari ya kwanza baada ya hapo nilipanda mbele, ingawa sikuwa na shughuli. Nundu tulipita. Swima tulipita. Kaka alishika usukani kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama anayeulazimisha useme. Kwenye mteremko alikaza mwendo kupita siku zote, nikaogopa, lakini sikumzuia. Gari lilikwenda limenyooka. Niliweka kiganja kwenye dashibodi, na ilikuwa plastiki ya moto tu.

Alisimama mahali pa siku zote, akazima mota. Nyuma watu wakanyamaza, wazee wakavua kofia. Tukakaa. Mbele yetu mama mmoja alikuwa akianika muhogo kando ya barabara, na ziwa lilikuwa kimya upande wa pili. Kaka alishusha kioo, akafungua mdomo, akaufunga.

"Chauffeur," bibi mmoja akauliza kutoka nyuma, "leo hausalimie?"

"Hakuna mutu, bibi," alisema, na akawasha gari.

Tuliporudi Baraka hakuingia ndani. Alikwenda nyuma ya nyumba akanyoa nywele zote kwa wembe, peke yake, akijikata mahali pawili. Kisha akatandika mkeka uani, akaketi chini bila viatu, mgongo ukiwa ukutani, akalia kwa sauti kubwa kama wanavyolia wanaume wetu siku ya kwanza ya msiba. Mke wake alitoa viti nje bila kuambiwa. Mimi nilifungua kilemba changu na kuketi karibu naye, nikifikiri nitamtuliza, na ndipo kilio changu kikatoka, cha miaka yote ile, kikali hata nikajiogopa.

Watu walianza kuingia, maana kwetu kilio hakihitaji mwaliko. Wa kwanza alikuwa jirani yetu mzee, mama aliyekimbia pamoja nasi katika boti ileile, akiwa na beseni la samaki kichwani.

"Ni nani amekufa?" aliuliza.

"Mama yetu," nikamwambia.

Hakuuliza lini. Aliteremsha beseni, akavua kandambili, akaketi kwenye mkeka, akaanza kulia akimtaja kwa jina.